Miti Miwili ya Sura Moja

Kosa ninalokusudia kulieleza ni kunyamaza kwa mtu anayejua. Uongo una hatari yake kwa mwenye kuusema: huweza kukamatwa, ukahojiwa, ukaaibishwa mbele ya watu. Kimya hakikamatwi. Mtu hukaa kitini pake, akala chakula chake, akaitikia sala, na lile neno moja ambalo lingemwokoa mwenzake akalimeza pamoja na tonge la ugali. Nimesoma vitabu vingi vya maadili, na karibu vyote vimeandikwa na watu waliochukia uongo. Waliokichukia kimya ni wachache. Mimi nililelewa na mtu mnyamavu, aliyeheshimiwa kijiji kizima kwa unyamavu wake, nami nilikula matunda yake kwa meno yangu. Kwa hiyo nitasema.

Mtu huyo alikuwa baba yangu.

Boma letu lilikuwa kilimani, mashariki ya Migori, na barabara iendayo Kehancha ilipita chini yetu. Asubuhi za Juni na Julai ukungu ulilala bondeni, nasi tukautazama kutoka juu. Nadhani ni ukungu huo uliompotosha Baba, akaamini kwamba mahali petu pana baridi ya kutosha kulea matofaa. Hapakuwa na baridi ya kutosha. Lakini alikuwa amewapikia walowezi kule nyanda za juu kwa miaka mingi. Alikuwa amemenya matofaa yao, ameyaoka kwa sukari, ameyapeleka mezani kwa glavu nyeupe, na kilichobaki kwake kilikuwa maganda. Mwaka uliotangulia uhuru, walowezi walipokuwa wakiuza mashamba na kufunga masanduku, alirudi nyumbani na nia moja tu: atakula tofaa lililozaliwa katika ua wake. Kwa hilo simlaumu. Aliyelishwa maganda ana haki ya kutamani tunda.

Alikuwa na wake wawili. Mama yangu alikuwa wa kwanza, na nyumba yake ilitazama lango. Wa pili aliolewa nilipokuwa ninamaliza shule ya msingi: mwanamke kijana, mrefu, binti wa wavuvi wa kisiwa cha Mfangano. Kwetu sisi Wajaluo mke huitwa kwa mahali alikozaliwa. Husemwa nyar, maana yake binti wa, kisha hutajwa kwao, na hilo ndilo jina lake mpaka afe. Jina lake la ubatizo sikulisikia hata mara moja likitamkwa katika boma letu. Watu wazima walimwita kwa kisiwa chake. Mimi nilimwita Mama Mdogo.

Mume wa nyumba mbili hugeuka mtumwa wa usawa, na Baba alikuwa mtumwa mwaminifu. Akinunua sufuria, alinunua mbili, akazigonga zote kwa ukucha asikie kama zinalia sauti moja. Leso zilikuwa za maua yaleyale na maneno yaleyale, hata wake zake wakienda sokoni walionekana kama wanakwaya. Sukari aliipima kwa kikombe kimoja, kisha akakisawazisha mdomo kwa kiganja, ili nyumba hii isipate kichuguu na ile ikapata bonde. Watu walimsifu kwa haki hiyo. Hata mimi nilimsifu. Ilinichukua muda kutambua kwamba aliogopa ugomvi kuliko alivyopenda haki, na kwamba mambo hayo mawili hufanana kwa mbali tu.

Safari ya kuchagua miche walikwenda wawili, Baba na Mama Mdogo, kwa sababu yeye alikuwa na nguvu za kubeba na hakuwa na mtoto wa kumwacha nyumbani. Walikwenda kwenye shamba la mlowezi mmoja aliyekuwa akihama, na mnyapara wa bustani ndiye aliyewatembeza kwenye safu za miche. Yaliyosemwa huko niliyasikia baadaye kutoka vinywa viwili vilivyokuwa mbali sana, na vikakubaliana, kwa hiyo nayaandika hapa mahali pake.

Mnyapara aliwaonyesha kwamba kila mche una fundo karibu na ardhi, mfano wa goti, pale ambapo kijiti cha aina njema kimepandikizwa kwenye shina la aina ngumu. Akawaeleza kwamba tofaa likipelekwa mahali pa joto husahau kulala; halidondoshi majani lenyewe, na lisipolala haliamki na maua. Basi mvua zikiisha ni lazima mtu aupukutishe mti majani yote kwa mkono, na matawi yavutwe chini kwa kamba na mawe, yalale kama mikono ya mtu aliyechoka. Hayo yote Baba aliyapokea. Ndipo mnyapara akasema la mwisho: achukue aina mbili tofauti, kwa sababu ile nyekundu aliyoipenda hujaa maua lakini haizai mpaka ipate vumbi la ua la aina nyingine.

“Ukifunga majike wawili zizini bila dume,” alisema, “utakamua nini?”

Baba alicheka. “Wewe una nyumba ngapi?”

“Moja.”

“Ndiyo maana unasema hivyo. Nikipeleka mti mwekundu huku na mweupe kule, mimi nitalala na mbuzi.”

Akachagua miwili ya aina moja, akaisimamisha bega kwa bega, akaibadilisha mara kadhaa mpaka akapata iliyolingana kimo, unene, hata idadi ya matawi. Hilo ndilo kosa lenyewe la miti, na ni kosa dogo. Mtu yeyote huweza kukosea mti. Kama lingeishia hapo nisingekuwa na la kuandika.

Miche ilipandwa siku moja, mmoja mbele ya kila nyumba, katika mashimo yaliyopimwa kwa jembe moja na kujazwa samadi kwa karai moja. Baba aliipanda mwenyewe, kwani kwetu mwanamke hapandi mti. Mti ni alama ya kumiliki ardhi, na mke ni mgeni wa ardhi hata akiizalia watoto kumi. Lakini kazi ya kuitunza ilimwangukia Mama Mdogo. Mama yangu alisema wazi kwamba ana watoto wa kuosha na hana saa ya kuvua mti nguo. Kwa hiyo kila mwaka mvua za masika zikikatika, Mama Mdogo aliegemeza ngazi, akapukutisha majani ya mti wake, kisha akahamisha ngazi akapukutisha ya mti wa Mama, akafunga mawe kwa kamba za katani. Wapitao njiani walisimama kutazama. Mmoja aliuliza kama miti ile imekosa nini hata inaadhibiwa. Mwingine alisema huenda ndivyo Wazungu wanavyofuga, wanamvua mnyama ngozi kwanza ndipo wanamkamua. Mama Mdogo aliwajibu kwa mizaha ya kivuvi ambayo siwezi kuiandika, nao wakaondoka wakicheka.

Mwaka miti ilipotoa maua kwa mara ya kwanza, watu walikuja hata kutoka ng’ambo ya mto kuyaona. Yalikuwa ya waridi hafifu, mengi mno, juu ya matawi yasiyo na jani. Baba alivaa koti lake la upishi lenye vifungo vya shaba, akakaa nje akipokea wageni. Wiki chache baadaye maua yote yalianguka, na nyuma yake hapakubaki kitu. Mwaka uliofuata ikawa vivyo hivyo. Wageni hawakuja tena, ila kaka yake Baba, ambaye sisi tulimwita Baba Mkubwa.

Baba Mkubwa alikuwa mtu wa sauti. Boma lake lilikuwa chini ya letu, na alipanda kwetu karibu kila siku, kwa madai ya kumjulia hali mdogo wake. Kwa desturi, mkubwa ndiye huanza kila jambo: hupanda mbegu kwanza, huvuna kwanza, hujenga kwanza. Kwa miti hii Baba alikuwa amemtangulia bila kumwomba ruhusa, na kila ua lililoanguka lilimpa Baba Mkubwa afya. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuhesabu kwa sauti mambo mawili pamoja: kwamba miti haizai, na kwamba yule mwanamke wa kisiwani, mwaka wa nne sasa, naye hazai.

Kulikuwa na watu waliotaka kumrudisha kwenye akili. Shangazi mmoja alisema kama ni hivyo, mbona mti wa mbele ya nyumba ya mke mkubwa, mama wa watoto sita, nao ni tasa? Baba Mkubwa alikuwa na jibu. Alisema mkono uliopukutisha majani ya miti yote miwili ulikuwa mmoja, na mkono mkavu haupandishi maji. Neno hilo lilishika. Watoto walilicheza njiani. Majirani wakaanza kumkataza Mama Mdogo asiwashikie vifaranga, asiwasaidie kupalilia karanga. Mwanamke mmoja mwenye mimba alivuka barabara ili wasikutane.

Kikao kilifanyika Jumapili alasiri, katika nyumba ya Baba. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo cha ualimu, nami nilikuwa nikigawa uji, kwa hiyo nilikuwa ndani. Baba Mkubwa alisema kwa kirefu. Wazee wawili wa ukoo wakaongeza. Hoja ilikuwa kwamba mwanamke huyu arudishwe kwao kabla ukame wa mkono wake haujavuka kutoka miti hadi ng’ombe, na kutoka ng’ombe hadi watoto wa nyumba kubwa. Mama Mdogo alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, miguu ameinyosha mbele kama ipasavyo. Hakumtazama Baba Mkubwa hata kidogo. Alimtazama Baba. Wakati huo nilidhani anaomba huruma. Sasa najua alikuwa akingoja neno mahususi, ambalo yeye alilijua na Baba alilijua, na ambalo lingetosha kuwatawanya wale wazee kwa kicheko: kwamba mnyapara alionya, na mwenye nyumba hakusikia.

Mwishoni Baba Mkubwa alimgeukia.

“Ndugu yangu,” alisema, “tumesema sote. Una neno?”

Baba alitazama kibakuli chake cha uji. Alikitikisa kidogo, kama mtu anayetafuta inzi.

“Sina,” alisema.

Mama Mdogo aliondoka na kapu moja na sufuria ile iliyolia sauti sawa na ya Mama. Toka siku hiyo jina lake liliondolewa katika boma. Hakuna aliyetoa amri. Lilikoma tu, kama linavyokoma jina la mgonjwa wa ugonjwa wa aibu. Ikilazimu kumtaja, watu walisema “yule.” Nyumba yake ikaachwa ianguke yenyewe. Kazi ya kupukutisha miti majani Baba aliichukua mwenyewe.

Mwaka wa pili baada ya kuondoka kwake, miti ikazaa.

Haikuzaa sana. Lakini yalikuwa matofaa kweli, yenye wekundu upande wa jua, na mti wa Mama ulikuwa na mengi ya kuinamisha tawi. Baba Mkubwa alipanda mlima akiwa anapaaza sauti tangu chini. Alisimama chini ya mti, akagusa tunda moja kwa kidole, akasema kwa ajili ya wote waliokuwapo, “Mkono umeondoka, mti umezaa. Mnataka shahidi gani tena?” Watu walitikisa vichwa kwa mshangao. Wengine waliokuwa na shaka wakati wa kikao walimwomba radhi. Tuliyala matofaa yale kwa vipande vyembamba, kila mtu kipande chake, Baba akikata kwa kisu chake cha upishi na kusawazisha kila kipande kwa jicho. Yalikuwa matamu. Wote walimshukuru Mungu, na Baba akaitikia amina.

Siku ya pili Mama alinituma nichume mboga. Nyuma ya nyumba ile tupu kulikuwa na bustani ndogo ya jikoni, orundu tunavyoiita, ambayo ni milki pekee ya mke isiyoulizwa na mtu. Mboga ilikuwa imejiotea humo kwa wingi. Niliingia mpaka kwenye ua wa minyaa, na pale, umeegemea minyaa kama mtu aliyejificha mvua, palikuwa na mti wa tofaa.

Ulikuwa mfupi na umepinda. Ulikuwa na matunda machache, ya kijani kibichi, tofauti kabisa na yale mekundu. Chini yake petali nyeupe zilikuwa zimekauka na kushikamana na udongo. Lakini kilichonisimamisha kilikuwa mawe. Matawi yake yalikuwa yamefungwa mawe kwa kamba mpya ya katani, kwa fundo la mpishi anayefunga nyama, na katika boma letu lote kulikuwa na mtu mmoja tu aliyefunga hivyo.

Chuoni tulikuwa tumefundishwa habari za kupandikiza miti na za nyuki wanaobeba vumbi la ua, kwa hiyo niliposimama pale nilielewa mambo yote, isipokuwa moja: jinsi mtu awezavyo kuyafanya na bado akala. Mama Mdogo alikuwa ameupanda mti wa aina nyingine kwa siri. Ulikuwa umechelewa kukua, haukutoa maua mpaka yeye ameshafukuzwa. Na Baba alikuwa anajua. Alikuwa anakuja hapa mapema kabla watu hawajaamka, akiupukutisha majani siku ileile aliyopukutisha mingine, ili maua yakutane na nyuki wafanye kazi yao. Mti wa mwanamke uliizalisha ile miwili, na matunda yakawa ushahidi dhidi ya mwanamke.

Nilimngoja mpaka alipokuwa peke yake zizini.

“Baba, ule mti wa nyuma ya nyumba aliupanda nani?”

“Ndege,” alisema bila kugeuka. “Ndege huangusha mbegu.”

“Una goti, Baba. Ndege hawapandikizi.”

Aliendelea kumkuna ng’ombe shingoni kwa muda mrefu. Kisha akanieleza habari ya mnyapara, majike wawili, na kicheko chake mwenyewe. Alieleza kwa utulivu, kama mtu anayesimulia hali ya hewa ya mwaka uliopita. Mnyapara aliwapa mche wa tatu bure, wa aina nyingine, uliopinda, akamwambia Mama Mdogo, “Mama, mbebe na huyu kiwete.” Baba alimwamuru autupe njiani, maana mche wa tatu ungekuwa wa nyumba ipi? Hakuutupa.

Nilimuuliza kwa nini hakusema siku ile ya kikao.

“Niseme nini?” alisema, na hapo ndipo sauti yake ilipopanda kidogo. “Niseme mbele ya kaka yangu kwamba niliambiwa na mtunza bustani nikakataa kwa kuogopa wanawake? Mimi, niliyekaa na matofaa miaka yote ile? Angenicheka mpaka kaburini.”

Huo ndio uzani wake. Upande mmoja wa mizani kicheko cha kaka, upande wa pili mwanamke mzima. Mtu aliyesawazisha sukari kwa kiganja aliviona vinalingana.

Nilimwendea Mama. Alikuwa akibambua karanga kibarazani, na nilipomaliza kueleza hakuacha kubambua.

“Kamba alizofungia baba yako ni za katani yangu,” alisema. “Unadhani sikuona zinapungua?”

“Na ukanyamaza, Mama?”

“Wewe umeshawahi kugawana mume?”

“Hapana.”

“Ukishagawana, uje unifundishe.”

Maneno hayo nimeyatafuta katika vitabu vya maadili, sijayakuta. Nayaandika kama nilivyoyasikia. Alimalizia kubambua, akapepeta maganda, kisha akaingia ndani akatoka na kikapu kidogo. Alikuwa ametia humo matofaa manne mekundu kutoka mti wake. “Kama unakwenda,” alisema, “usiende mikono mitupu.” Mimi niliongeza mawili ya kijani.

Nilikwenda. Nilishuka hadi Mbita, nikapanda boti ya abiria pamoja na magunia ya mahindi na kuku, nikafika Mfangano mchana. Nilimkuta nyuma ya boma la kaka yake akianika samaki juu ya mawe. Alikuwa amekonda. Kaka yake hakuwa mkatili, lakini mwanamke aliyerudishwa hana mahali pa kujenga katika boma alikozaliwa. Alilala katika kibanda cha jikoni, miongoni mwa kuni. Aliniita nyara, binti yangu, kama zamani, akafuta mikono, akapokea kikapu. Alichukua lile la kijani kabla ya mekundu, akalinusa.

“Kiwete wangu amezaa,” alisema.

“Amezaa, Mama Mdogo. Na yale mengine yamezaa kwa ajili yake.”

“Nani anampukutisha majani?”

“Baba.”

Aliligeuza lile tofaa kiganjani. Halafu akacheka, kicheko chake kilekile cha zamani juu ya ngazi. “Kumbe bado anaijua njia ya nyuma ya nyumba yangu.”

Nilimuuliza kwa nini naye hakusema. Alikuwa na uso wa mtu aliyejiuliza mara nyingi. Alisema kwamba mume akinyamaza mbele ya ndugu zake, mke akasema, watu hawasikii neno, husikia mdomo. “Wangeniita tasa na mwongo,” alisema. “Tasa peke yake ilikuwa mzigo wa kutosha.” Tena, aliongeza, kule kusema kungemwonyesha mume wake kuwa mjinga, na hakutaka yeye awe wa kumwonyesha hivyo. Alimpa nafasi ya kujitaja mwenyewe. Alimpa mpaka akafika langoni na kapu kichwani, akageuka mara moja.

Sikuweza kumwambia arudi, na hakuomba kurudi. Aliomba kitu kingine. Alisema kaka yake amekwisha kumweleza kwamba, kwa kuwa aliolewa akarudishwa, siku akifa kaburi lake litachimbwa nje ya ua, kama desturi itakavyo. Hilo alikuwa amelikubali. Ila hata huko kisiwani neno la mkono mkavu lilikuwa limemfuata kwa midomo ya wafanyabiashara wa samaki, na wanawake walimficha watoto wao wachanga.

“Mwambie baba yako sitaki ng’ombe wala nyumba,” alisema. “Aseme tu mbele ya kaka yake kwamba haukuwa mkono wangu. Neno moja. Basi.”

Nilimpelekea Baba ujumbe huo bila kupunguza wala kuongeza. Alisikiliza mpaka mwisho. “Nitasema,” alisema, “wakati wake ukifika.” Mavuno mengine yakaja, Baba Mkubwa akala kipande chake chini ya mti na kurudia usemi wake wa mkono, na wakati haukufika.

Hapa nataka msomaji asijidanganye kwa kutarajia faraja. Mama Mdogo hakurudi kwetu. Aliishi miaka mingine pale kisiwani, na amezikwa nje ya ua wa kaka yake, kama alivyoambiwa. Kilichotokea baadaye hakikusogeza kaburi lake hata hatua moja. Nakieleza kwa sababu ndicho kitu pekee alichoomba.

Nilikuwa nimeanza kufundisha Homa Bay, na maonyesho ya kilimo ya wilaya yalifanyika huko mwaka huo, katika uwanja ulio juu ya ziwa. Baba alikuja na matofaa yake. Aliyang’arisha kwa kitambaa, akayapanga juu ya sinia, wekundu wote ukitazama upande mmoja. Alivaa koti la vifungo vya shaba. Baba Mkubwa alikuja naye, kwa kuwa sifa ya mdogo wake sasa ilikuwa sifa ya ukoo, na yeye ndiye aliyewaeleza watu historia ya miti kwa sauti, pamoja na habari ya mkono. Watu walijazana. Upepo wa ziwa ulileta harufu ya samaki, na mimi nilisimama karibu na meza na wanafunzi wangu.

Bwana shamba aliyekagua alikuwa kijana, mgeni wa sehemu zetu, na alisema Kiswahili. Alimsifu Baba kwa heshima. Alikata tofaa moja katikati, akatazama mbegu, akalitazama tena ganda lake.

“Mzee,” alisema, “aina hii naijua. Haizai peke yake. Ile aina ya pili umeipanda wapi?”

“Miti ni miwili,” alijibu Baba Mkubwa kwa niaba yake.

“Ya aina mbili?”

“Ya sura moja. Ndugu yangu hapendelei.”

Bwana shamba alitabasamu, akatikisa kichwa. Alieleza, bila kumdharau mtu, kwamba miti ya sura moja hata ikiwa mia itatoa maua na kuyadondosha mpaka mwisho wa dunia, kwa sababu nyuki hawana cha kuiletea. Kama hii imezaa, basi karibu na hapo upo mti mwingine, na aliyeupanda ndiye aliyeleta matunda. Akaomba kujua ni nani, aandikwe pamoja na mwenye boma.

Watu walisogea karibu zaidi. Baba Mkubwa hakuwa mjinga. Niliona uso wake ukirudi nyuma taratibu, mwaka kwa mwaka, mpaka Jumapili ile. Alimgeukia Baba, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

“Ndugu yangu. Una neno?”

Nilimpa nafasi. Mwanamke mwenye haki kuliko mimi alikuwa amempa, nami sikuona sababu ya kumnyima. Baba alilitazama ziwa, upande wa visiwa. Alisogeza tofaa moja kwenye sinia ili wekundu wake ulingane na mengine.

“Sina,” alisema.

Bwana shamba alikuwa bado ameshika kalamu, akitutazama mmoja baada ya mwingine. Ndipo nilipotoka mbele ya wanafunzi wangu, nikasema kwa sauti ya darasani, ili hata waliosimama nyuma wasikie. Nilisema mti wa tatu upo, nyuma ya nyumba iliyoachwa ianguke, na Baba anaujua, kwa maana ndiye anayeufunga mawe. Nilisema haukupandwa na mwanamume. Bwana shamba aliuliza tena ni nani, nami nikamtajia jina ambalo boma letu lilikuwa limeacha kulitamka: Nyar Mfangano.